Bunduki ya Kuonyesha

Kijijini, njia ya Mwadui
14 Agosti 2022

Mwanangu Sostenes,

Marahaba baba, maana najua kabla hujafungua karatasi hii umeshaniamkia moyoni.

Sisi hapa tupo. Mdogo wako Vumilia anakusalimia, kile kidonda cha mguu kimefunga, sasa anakimbia kuwashinda mbuzi. Baba yako mdogo Ignas anakusalimia, mgongo bado unamsumbua ila mdomo hauna ugonjwa. Jirani yetu Apolonia anakusalimia, anauliza jino lake la dhahabu unamletea lini, unamjua na utani wake. Ng'ombe wa baba yako wapo wote wanane, na yule wa pembe moja amezaa dume. Kaburi la baba yako nimelifagia jana, nalo nimelisalimia kwa niaba yako. Na wewe huko Buseresere, mkwe wangu Nelly hajambo? Mjukuu wangu Blessing ameshasimama dede au bado anatambaa? Niambie ukweli, usinifiche.

Nimeandika kwa mkono wangu mwenyewe na wewe unajua niliishia darasa la tatu, kwa hiyo palipopinda panyooshe mwenyewe. Simu nimeiacha makusudi. Hapa mtandao uko juu ya kichuguu cha kina Apolonia tu, ukisimama pale kuongea kijiji kizima kinasimama kusikiliza, na haya siyo ya kusikiwa na kijiji. Barua atakupa Pantaleo, si unajua lori lao la mpunga linapita huko.

Pantaleo huyo huyo ndiye aliyeniambia kwamba bunduki ya baba yako unatembea nayo. Anasema unaivaa begani kama mkoba, unaingia nayo mpaka kwa muuza chapati. Mwanangu, mimi nilikupa ukae nayo pale kwenye karasha lako la kusagia mawe ya dhahabu, wezi wa mawe wakipita waione. Sikukupa uende nayo kula chapati. Iwe ya kuonyesha tu. Mtu akishaiona ataondoka mwenyewe na wewe utabaki mzima, mimi sitaki kingine. Tangu yule kijana mwenzenu alipokatwa mapanga kwenye karasha lake silali vizuri.

Na lile nililokuambia usilisahau. Usiikunje katikati kutazama ndani, usiifungue kabisa, mpaka mwaka wa msiba uishe. Baba yako aliifunga kwa mkono wake, na mila yetu hairuhusu mtu mwingine aifungue kabla ya hapo. Hilo nisikilize kuliko yote.

Na ile karatasi ya muhtasari wa kikao cha ukoo tembea nayo siku zote. Namba saba imeandikwa wazi, silaha ya marehemu Makoye apewe mwanawe Sostenes, na mhuri wa mtendaji upo chini. Polisi akikuuliza mwonyeshe mhuri.

Niandikie haraka, Pantaleo anarudi baada ya wiki mbili.

Mama yako,
Mbuke


Buseresere
2 Septemba 2022

Shikamoo mayo,

Barua nimeipata, na Nelly ameisoma mara mbili, alipofika kwenye utani wa Apolonia alicheka mpaka machozi. Blessing ameshasimama dede, anashika ukuta na kutembea upande upande kama kaa. Wasalimie wote kwa mpangilio ule ule ulioniandikia, yule dume aliyezaliwa usimsahau.

Mayo, ondoa wasiwasi. Tangu niivae hii bunduki hakuna aliyegusa kiroba changu hata kimoja. Zamani nilikuwa nikienda kula nikirudi nakuta mawe yamepungua, mawe ambayo watu walishuka kwenye duara, shimo la machimbo, kuyatoa mita sitini chini ya ardhi. Sasa hivi nakaa kwenye kiti, naiweka mapajani, wenye mikono mirefu wanazunguka mbali. Wananiita Kamanda. Muuza chapati ananikatia kubwa kuliko wengine.

Umeniambia iwe ya kuonyesha tu, na ndivyo ilivyo. Hapa kila mtu anajua kwamba ukivamiwa una haki ya kujilinda wewe na mali yako. Na mimi sipigi mtu, naonyesha. Kuonyesha siyo kosa. Karatasi ya ukoo nimeitia kwenye nailoni, inakaa kwenye mfuko wa shati.

Anayenisumbua ni mmoja tu, kijana anaitwa Edson, wa huko huko kwetu, anasema mama yake anakaa Ngokolo. Huyu haogopi. Anakuja mchana kweupe na kasepetu kake, anachota kifusi pembeni ya karasha, anasema kifusi kilichomwagika hakina mwenyewe. Anaiangalia bunduki, anauliza watu kama kuna aliyewahi kuisikia ikilia. Juzi kasema mbele ya wafanyakazi wangu kwamba Kamanda amebeba fimbo ya kuchungia. Wamecheka mpaka leo. Nimemwacha, lakini mayo, mtu mmoja akizoea kukudharau wengine nao wanajifunza.

Sijaifungua. Mila naiheshimu.

Mwanao,
Sostenes


Kijijini, njia ya Mwadui
30 Oktoba 2022

Mwanangu Sostenes,

Marahaba. Na Afande utakayeisoma barua hii kwanza, nawe pia habari za kazi, mimi ni mama yake na sina neno baya.

Hapa tupo lakini hatupo. Vumilia anakusalimia, haendi shule wiki hii, wenzake wanamsema. Ignas anakusalimia, amenyamaza, na wewe unajua Ignas akinyamaza ujue mambo yameharibika. Apolonia anakusalimia bila utani. Nelly na Blessing wako hapa kwangu tangu juma lililopita, wanakula, usiogope kwa upande huo.

Nelly ndiye aliyenieleza, kwa sababu ile siku nilipopigiwa simu nilikuwa nimesimama pale kichuguuni na sikusikia kitu baada ya neno kufa. Amenieleza kwamba ilikuwa Jumatatu tarehe kumi, saa saba mchana, kwamba Edson alikuja kuchota kifusi, wewe ukamnyanyulia bunduki kumtisha, akarudi nyuma akatumbukia kwenye duara la zamani ambalo halikuwa na mfuniko. Wakamtoa jioni kwa kamba. Mwanangu, na mimi nimezaa.

Polisi walikuja hapa nyumbani, wawili, wametulia, hawakunifokea. Wakataka kujua bunduki ilifikaje kwako. Nikawapa nakala ya muhtasari wa ukoo. Yule mkubwa akausoma taratibu, ng'ombe, shamba, baiskeli, kitanda, akafika namba saba akavua kofia. Akaniambia, "Mama, ng'ombe anarithiwa. Hiki hakirithiwi. Kibali kilikuwa cha marehemu, na yeye alipofariki ilitakiwa irudishwe kituoni." Nikamwonyesha mhuri. Akasema mhuri wa mtendaji unathibitisha kikao kimekaa, hauwezi kumfanya mtu amiliki bunduki. Na mtendaji alipoitwa kasema yeye aligonga mhuri kwa ajili ya ng'ombe, chini hakusoma.

Kwa hiyo kesi ni mbili, ya kuua bila kukusudia na ya kukutwa na silaha bila kibali. Hii ya pili ni mimi niliyekufunga. Nilijua ni kitu cha baba kwa mwana, kama jembe.

Waliniuliza pia habari za risasi, kwa sababu bunduki waliikuta tupu, wanafikiri ulizificha. Nikawaambia mimi mwanamke wa darasa la tatu najua nini habari za risasi.

Kama unaruhusiwa kuandika, andika. Hata jina lako tu.

Mama yako,
Mbuke


Mahabusu, Geita
17 Januari 2023

Mayo, shikamoo.

Hii haijapita ofisini. Anayeileta ni mzee Shaaban, aliyekuwa analala ubavuni kwangu, kesi yake imefutwa leo. Mpe uji, amekuwa baba kwangu humu. Ukishasoma itie motoni.

Ninyi nyote mnasema nilimtisha. Nelly anasema hivyo, wafanyakazi wangu wameandika hivyo, na wewe umeandika hivyo. Mimi nimekaa na hilo neno miezi mitatu na sasa limenishinda.

Edson alikuwa ameinama anajaza kiroba. Nilimwambia aache, akaendelea. Nikamnyanyulia. Hakuwa na panga, hakuwa na jiwe, ana lile sepetu tu. Akasimama, akawageukia watu akiwa anacheka, akasema, "Kamanda, fimbo yako kamchungie mamako ng'ombe." Watu wote wakacheka, na mashine ilikuwa imezimwa kwa hiyo kicheko kikasikika mpaka kwa wauza chapati.

Mayo, nililenga kifuani na nikavuta. Sikuwa naonyesha. Nilitaka ilie na nilitaka impate.

Ikalia ta, kama ufunguo kwenye kufuli. Yeye alikuwa ameshaona kidole changu. Aliruka kinyumenyume kama mtu aliyekanyaga moto, na nyuma yake ndiko kulikuwa na lile duara. Wengine walikuwa bado wanacheka, hakuna aliyeona kidole. Aliyeona ni yeye, na mimi.

Sasa wakili niliyepewa na serikali amekuja. Anasema sheria inamruhusu mtu kujilinda na kulinda mali yake, lakini nguvu isizidi hatari, na mwenye sepetu la kuchotea kifusi siyo hatari ya kumlengea bunduki. Ila akasema, kama nilijua bunduki ni tupu, basi hapo nilikuwa nafukuza mwizi kwa kitu kisichoweza kuua, na kesi ya kuua inaweza kuanguka. Akaniuliza kama nilijua. Nikamwomba anipe muda. Akasema nifikirie.

Baba alikuwa haachi ile bunduki bila risasi mbili ndani, fisi wa Mwadui tunawajua. Mimi sikuifungua hata siku moja, kwa neno lako. Mayo, risasi ziko wapi?

Sostenes


Kijijini
4 Februari 2023

Mwanangu,

Nelly atakusomea hii kwa sauti ndogo siku ya kukuona, halafu ataondoka nayo.

Salamu zote zipo, leo niache nisizitaje.

Risasi ziko kwangu. Ziko kwenye kopo la mbegu za mchicha, juu ya boriti. Siku ile kabla hujaja kuichukua niliikunja katikati kama baba yako alivyonifundisha wakati wa fisi, nikazitoa zote mbili, nikaifunga, nikaivingirisha kwenye kanga. Kisha nikakuambia mila inakataza kuifungua kabla ya mwaka wa msiba. Hakuna mila hiyo. Ukimuuliza Ignas atakushangaa. Niliitunga hapo hapo nikiwa nachochea jiko, kwa sababu nilijua ukiikunja utaona ni tupu na utakwenda kununua risasi nyingine.

Nilitaka wezi wakuogope na nilitaka usimuue mtu. Nilitaka yote mawili, baba. Nikaona nimepata akili kubwa kuliko waliosoma. Sikujua kwamba mtu akidhani ana kitu mkononi anakuwa mwingine. Baba yako alikaa nayo miaka ishirini na moja na hakuwahi kumnyanyulia binadamu, nikafikiri upole ule umo ndani ya bunduki.

Mzee Shaaban aliponipa barua yako nilimpa uji kama ulivyosema, nikatoka nje nikasoma pale ulipoandika nikavuta. Nikapiga magoti kwenye kinyesi cha ng'ombe nikamshukuru Mungu kwamba nilizitoa. Halafu nikakumbuka kwamba yule mtoto amekufa vile vile, na kushukuru kwangu kukanisuta.

Nifanye nini? Niambie nikaseme nini, nitasema.

Mama yako


Geita
20 Februari 2023

Mayo,

Kamwambie wakili kwamba ulizitoa mwenyewe, na uzipeleke zile risasi, wazione. Hayo ni kweli.

Halafu sema uliniambia. Sema siku ile ulinikabidhi ukaniambia ni tupu. Ni neno moja tu. Najua unachoshika ukila kiapo. Lakini Blessing anatembea na mimi sijamwona akitembea.

Hii anatoka nayo Nelly, nayo choma.

S.


Kijijini, njia ya Mwadui
Jumatatu, 18 Machi 2024

Mwanangu Sostenes,

Marahaba baba. Vumilia anakusalimia. Ignas anakusalimia, ameanza kuongea tena. Apolonia anakusalimia, amesuka nywele kwa furaha ya kesi yako. Blessing hakusalimii, amelala juu ya miguu yangu, ndiyo maana mwandiko umelala upande. Nelly anakuja kwako Ijumaa na hii, akusomee taratibu.

Najua ulikuwepo mahakamani na uliona yote, lakini ulikuwa umeinamisha kichwa, kwa hiyo nakueleza nilivyoona mimi. Walinipa Biblia. Kabla ya hapo nilikuwa nimeweka maneno mawili mdomoni, la huku na la huku, nikawa sijui lipi litatoka. Wakili akaniuliza habari za risasi, nikasema, wakazipokea zile mbili zikawa kielelezo, bado zina vumbi la mchicha. Kisha akauliza kama mwanangu alijua. Nikakutazama kisogo, nikaona umenyoa na kile kikovu cha ulipoanguka kwenye mkokoteni kinaonekana.

Nikasema, "Nilimwambia. Nilimwambia hii ni tupu baba, ni ya kuonyesha tu."

Sauti haikutetemeka hata kidogo. Hilo ndilo linanitisha mpaka leo.

Basi, Jaji amekuondolea kesi ya kuua, na ya bunduki umepata miaka mitatu, wanasema ule muda wa mahabusu umehesabiwa. Watu wananipa mkono kijijini kama niliyeshinda uchaguzi. Kanisani jana Jumapili nimekaa bila kwenda kukomunika. Padri ameniuliza kama naumwa, nikasema tumbo.

Sasa lililonifanya niandike. Siku ile ya hukumu baada ya ninyi kupandishwa gari nilikaa kwenye benchi la nje. Akaja mwanamke mfupi, amejifunga kanga ya msiba, akakaa. Nikamjua kabla hajasema. Alikuwa Mama Edson. Nikajiandaa anitemee mate, na nilitaka anitemee.

Akanishika mkono. Akasema mwaka na nusu amekuwa halali kwa jambo moja. Kufa kwa mtoto alishakubali, machimboni watoto wanakufa, na kwamba aliiba kifusi anajua, alikuwa anamkanya. Kilichokuwa kinamla ni kufikiri kwamba mtu wa mwisho Edson aliyemtazama usoni alikuwa anataka afe. "Leo umeniambia kwamba hakutaka," akasema. "Alikuwa anamfukuza tu, kama unavyofukuza kuku kwenye mtama. Umenipa usingizi, mama mwenzangu."

Sostenes, mkono wangu ulikuwa ndani ya mikono yake na sikuweza kuutoa. Nikasema ndiyo. Nikasema tena ndiyo.

Akaniuliza ninakokaa nikamwelekeza, ningemkatalia vipi. Jana ametuma ujumbe kwamba anakuja Jumapili hii, Jumapili ya Matawi, kutoka Ngokolo mpaka hapa, na dada yake. Wanataka tule pamoja. Na amesema mle mahakamani watu walikuwa wanakohoa na feni inapiga kelele, hakusikia vizuri. Anataka nimwambie tena tukiwa tumekaa, polepole, toka mwanzo, yale maneno niliyokuambia siku nilipokukabidhi. Anataka dada yake naye ayasikie, wakayaseme nyumbani kwao.

Nikimwambia ukweli, Nelly anasema serikali inaweza kukata rufaa, na mimi nitashtakiwa kwa kiapo, hilo langu silijali. Nitakuwa nimekurudisha mimi mwenyewe mle ndani, na Mama Edson nitakuwa nimemrudisha kule asikolala. Nikinyamaza, nitaketi naye kwenye mkeka wangu, nimpakulie, halafu niyatunge mengine, uliitikia nini, ulikuwa umesimama wapi, ulicheka au hukucheka. Atauliza hayo. Mimi ningeuliza.

Kuku nimeshamtenga. Mchele Apolonia amenipa. Chakula kipo, mwanangu, ni maneno ndiyo sina.

Sikulaumu kwa lile uliloniomba. Ningekuwa mle ndani ningeomba hilo hilo. Ila lile la kidole ulilijua wewe na Edson, sasa tunalijua watatu, wewe na mimi na Nelly anayekusomea hapo, na mwenye haki ya kulijua kuliko sisi sote anakuja kula kwangu.

Mpe Nelly jibu lako Ijumaa hiyo hiyo, kabla kengele ya kuagana haijalia, hata neno moja, anipigie Jumamosi. Usiniachie peke yangu. Wanasema watafika saa nne, mara baada ya misa ya kwanza.

Mama yako,
Mbuke